Uzi: Mvinyo mwekundu mwepesi wa mizabibu mikongwe ya kichaka, jinsi nilivyouona ukitengenezwa Swartland

Kizibo_Nai

Habari za jioni, wadau. Uzi huu umeletwa na jambo la Ijumaa kazini. Mimi huhudumu mvinyo katika mkahawa mmoja wa Westlands. Meza ya watu sita iliagiza mbuzi choma, nikawapendekezea mvinyo mwekundu wa zabibu ziitwazo Cinsault, kutoka Swartland, Afrika Kusini, wa mizabibu iliyokuwa ikizaa kabla mimi sijazaliwa. Nikamimina. Mzee aliyekuwa mwenye kulipa akaiinua glasi kwenye taa, akaviona vidole vyake upande wa pili, akaniuliza, "Kijana, hii mmeongeza maji?" Chupa ikarudi kaunta. Wakaletewa nyingine nyeusi tii, kileo asilimia 15, na walipoondoka saa nne ilikuwa imebaki nusu.

Yule mzee simlaumu. Sisi wahudumu ndio tuliomzoesha kwamba mvinyo mwekundu mzuri ni ule mzito, unaopaka meno rangi na kukausha ulimi. Lakini iliniuma, kwa sababu ule mvinyo alioukataa najua ulivyopatikana. Nimefanya kazi ya mavuno huko Swartland misimu miwili, Januari hadi Machi, shambani na kwenye ghala la mapipa. Nataka niueleze taratibu. Vuteni viti.

Kizibo_Nai

Naanza na shamba. Kutoka Cape Town unashika barabara ya kaskazini, na kwa muda wa saa moja hivi uko Malmesbury. Swartland ni Kiafrikana, maana yake nchi nyeusi, kwa ajili ya kichaka kiitwacho renosterbos ambacho hugeuka cheusi mvua ikinyesha. Ni nchi ya ngano. Asubuhi ya kwanza nilipoonyeshwa shamba nikadhani nimepotezwa, maana mizabibu sikuiona. Niliona visiki vilivyotapakaa kwenye mchanga, kila kimoja na kofia yake ya majani.

Wenyeji huiita bosstok. Wafaransa huuita mtindo huo gobelet, yaani kikombe, na Waitalia alberello, yaani mti mdogo. Mimi huiita mizabibu ya kichaka. Haina nguzo wala waya. Shina ni fupi, linaishia gotini au juu yake kidogo, limejisokota na kupasukapasuka maganda, kisha linatoa mikono mitano au sita inayopanda kama vidole vya mtu aliyeshika bakuli. Wakati wa kipupwe hupogolewa, kila mkono ukabakishiwa kijiti kifupi chenye macho mawili tu, yaani sehemu mbili za kuchipua. Kufikia Desemba matawi yameshainuka na kuinama kila upande, na vichala vimejificha ndani, chini ya majani.

Kile kivuli ndicho mali ya kwanza. Februari jua la kule halina huruma, na zabibu ikibabuka ladha yake inakuwa ya jamu iliyoungua. Mzabibu wa kichaka unajifunika wenyewe. Na mengi ya mashamba haya hayamwagiliwi. Mvua ni ya kipupwe, halafu miezi ya joto mmea unajitegemea kwa mizizi iliyoteremka kwenye miamba. Mlimani Paardeberg udongo ni matale yaliyooza, mchanga unaong'aa kidogo ukiuchota mkononi. Upande wa Riebeek-Kasteel ni mawe ya bamba bamba, ukitembea yanakatika chini ya viatu.

Hasara yake ni mavuno. Shamba lenye waya na maji linaweza kutoa tani 15 au 20 kwa hekta bila shida. Hii mikongwe inatoa tani 2, 3, ikijitahidi 4. Na mashine haiwezi kuivuna, lazima mtu ainame. Mkulima analipwa kwa tani, basi piga hesabu. Ndiyo maana mingi iling'olewa.

Kilichookoa iliyobaki ni watu wachache wenye ukaidi mzuri. Rosa Kruger, mtaalamu wa mashamba ya mizabibu, alianza mwaka 2002 kuzunguka akitafuta mashamba ya zamani na kuyaorodhesha. Mwaka 2016 ukazinduliwa rasmi mpango uitwao Old Vine Project, na tangu 2018 chupa za mizabibu yenye umri wa miaka 35 na zaidi hubandikwa muhuri wenye mwaka ambao shamba lilipandwa. Eben Sadie naye, mtengenezaji mvinyo wa Swartland, akatengeneza mivinyo ya mashamba kama hayo, shamba moja chupa moja, ikapata wanunuzi dunia nzima. Mnunuzi akishalipa bei ya maana, mkulima ana sababu ya kuiweka shoka chini.

Mwanakemia_Umoja

Kaka, asante kwa uzi, lakini nikuulize moja kwa moja: uzee wenyewe unaleta ladha gani? Mwembe wa nyanya yangu kule Kitui una miaka mingi na maembe yake ni yale yale.

Kizibo_Nai

Swali la haki, ndugu. Uzee peke yake si dawa. Shamba baya likizeeka ni shamba baya lililozeeka. Tena mashamba mengi ya zamani ya Afrika Kusini yana virusi vya kukunja majani. Majani yanageuka mekundu mapema na zabibu zinachelewa kuiva. Hilo ni ugonjwa, si sifa.

Ila kuna kinachobadilika kweli. Shina na mizizi ya zamani ni ghala: mmea unaweka akiba ya chakula kwenye mti wake, kwa hiyo mwaka wa ukame hautetereki kama mche. Nguvu ya kutoa majani hovyo imepungua. Vichala ni vichache na punje ni ndogo, na punje ikiwa ndogo ganda linakuwa jingi ukilinganisha na maji ya ndani. Harufu na rangi zinakaa kwenye ganda.

Cinsault ndiyo inayoonyesha jambo hili wazi kuliko zote. Ni zabibu yenye punje kubwa, ganda jembamba, rangi hafifu. Ipande changa, imwagilie, itakupa mzigo wa ajabu na mvinyo usio na habari. Ndivyo ilivyotumika kwa miaka, kujazia tu mivinyo mingine. Wakati ule waliiita Hermitage, na ndiyo ambayo mwaka 1925 Profesa Abraham Izak Perold aliichavusha na zabibu nyingine, Pinot Noir, ikazaliwa aina mpya ya zabibu, Pinotage. Jina lenyewe ni vipande vya hayo mawili. Sasa Cinsault hiyo hiyo, kwenye kisiki kikongwe kisichopewa maji, inatoa kitu kingine kabisa.

MpishiSouthB

Endelea, tuko nawe. Twende jikoni sasa, yaani kwenye kuutengeneza.

Kizibo_Nai

Nimerudi, mpishi. Nilikuwa kwenye matatu.

Tulivuna saa kumi na moja alfajiri, taa kichwani, ili zabibu zifike zikiwa baridi. Mkasi mkono mmoja, kreti ya kilo 20 miguuni. Kwenye mizabibu ya waya unatembea wima, vichala viko mbele yako kama nguo kwenye kamba. Kwenye kichaka unapiga goti, unasukuma majani kwa bega na kuingiza mkono ndani. Kichala cha upande wa jua kimeiva, cha ndani kabisa bado kina punje za pinki. Mzee mmoja aliyekulia pale alinifundisha kutotegemea rangi. "Tafuna mbegu," aliniambia. Nikatafuna. Mbegu ya kijani inanata na ni chungu. Iliyoiva ni ya kahawia, inavunjika kama karanga.

Halafu kuna kipimo cha sukari. Unadondosha tone la maji ya zabibu kwenye kioo, unalielekeza juani, unasoma mstari. Kule wanapima kwa nyuzi za Balling, yaani sukari ni sehemu ngapi kwa mia. Jirani alisubiri nyuzi 25, akapata kileo cha asilimia 14 na zaidi. Sisi tulivuna Cinsault kwenye 22, ikatoa kama 12 na nusu. Hapo ndipo wembamba ule mzee alioukataa unapoamuliwa, siku ya kuvuna. Ukichelewa wiki moja tu sukari inapanda, asidi inashuka, na ile harufu ya tunda bichi linaloiva inageuka kuwa ya zabibu kavu. Ukiwahi mno unapata ukali wa majani mabichi. Aliyekuwa bosi wetu alikuwa akitembea shamba lile lile kila asubuhi siku tisa mfululizo, akitafuna na kutema, kabla hajasema kesho.

Ghalani, nusu ya zabibu iliingia tangini na vichala vyake vizima, vikonyo na vyote. Punje isiyopasuka huanza kuchachuka ndani kwa ndani, bila hewa, na inatoa harufu ya stroberi na zambarau mbichi. Vikonyo navyo vinanyonya rangi kidogo na kuleta uchangamfu fulani, kama majani ya chai makavu ukiyanusa kwenye pakiti. Lakini viwe vimeanza kuwa kahawia. Vya kijani vinaharibu.

Hamira ya dukani hatukuweka. Watu wa Kiambu na Murang'a mtanielewa upesi: tunda la mũratina likishatumika linaanikwa juani na kurudishwa kwenye pombe nyingine, kwa sababu hamira imejificha ndani ya nyuzi zake. Kule hamira iko kwenye maganda, kwenye kuta, kwenye mbao za zamani. Siku ya tatu tangi lilianza kunong'ona, siku ya nne maganda yalikuwa yamepanda juu yote na kuwa kofia ngumu unayoweza kuigonga. Hapo mlango unafunguliwa na feni inawashwa kwanza. Ile hewa ya kaboni inayotoka ni nzito, inakaa chini, na imeua watu kwenye maghala ya mvinyo. Hakuna aliyeruhusiwa kuinama tangini akiwa peke yake.

Kizibo_Nai

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kuliko yote.

Msimu wa kwanza nilikabidhiwa tangi dogo, nusu tani ya zabibu. Maagizo yalikuwa mafupi: mara moja kwa siku, lowanisha kofia kwa mkono, taratibu, basi. Nilitazama ule wekundu hafifu nikaona aibu. Nikafikiri wamenipa zabibu dhaifu na ni juu yangu kuzisaidia. Kwa siku tatu mfululizo nikaenda mara nne kwa siku na kigandamizio cha mti, nikisukuma kofia mpaka chini kwa uzito wangu wote. Vikonyo vilikuwa vinavunjika, navisikia. Rangi ikaja kweli, nyeusi, nikafurahi.

Siku ya kukamua bosi akaonja, akanipa glasi bila neno. Mnajua strungi, chai isiyo na maziwa, iliyosahaulika jikoni na majani ndani, mpaka ikawa nyekundu iliyoiva na kuacha ngozi kwenye ulimi? Ndiyo hiyo, pamoja na uchungu wa kijani nyuma ya koo. Kama lita 300. Haikuingia chupani kwa jina la lile shamba, iliuzwa kwa jumla ikachanganywe. Kisiki kimoja cha pale kinatoa labda chupa moja kwa mwaka. Kila kisiki kile kilikuwa kimefanya kazi yake miezi yote, mimi nikaiharibu kwa siku tatu.

Baadaye alinieleza. Rangi hutoka mapema, wakati kwenye tangi kuna maji na sukari tu. Tanini ya mbegu, ile kali inayokausha ulimi, inahitaji kileo kuyeyuka, basi kadiri siku zinavyosonga na joto linavyopanda ndivyo inavyotoka. Kwa hiyo unaweka joto kwenye nyuzi 24 au 26, si 30 na kitu. Unaigusa kofia kidogo iwe na unyevu isigeuke siki. Unakamua baada ya siku nane au kumi, na mashine ya kukamulia unaisimamisha pale unapoonja uchungu, hata kama maganda bado yana maji.

Na mkono mwepesi wa namna hii unawezekana tu kwa sababu mzabibu umeshakusanya kila kitu. Fanya hivi kwa zabibu za shamba changa lililomwagiliwa, utapata sharubati. Ndiyo maana mvinyo wa namna hii hauwezi kughushiwa kirahisi. Ule mzito unaweza kuujenga ghalani, kwa joto, kwa pipa jipya, kwa kusukuma. Huu unatoka shambani au hautoki.

Kisha unaingia kwenye mapipa ya lita 500 yaliyotumika miaka mingi, au tangi la saruji. Pipa jipya linatoa vanila na moshi, linaufunika. La zamani halitoi ladha, linapitisha hewa kidogo kidogo tu. Humo bakteria wanageuza asidi kali ya malaki kuwa ya laktiki, ile ya maziwa, na mvinyo unatulia. Salfa kidogo, mwaka mmoja hivi, chupani.

MkulimaKajiado

Bwana Kizibo, mimi nina ekari tatu kavu kabisa, mawe matupu, mvua ya kubahatisha. Kwa maelezo yako hapa ndipo penyewe. Nipande?

Kizibo_Nai

Mzee wangu, nisikupe moyo wa bure. Ukavu na mawe unavyo, lakini mzabibu unataka kulala. Swartland kipupwe kinaupukutisha majani, unapumzika, kisha unaamka wote kwa pamoja. Huku karibu na ikweta haulali. Unabaki na majani mwaka mzima, na kila jicho linaamka kwa wakati wake, kwa hiyo lazima uulazimishe kwa kupogoa na kuunyima maji. Halafu ile miezi ya mvua za masika ukungu unavamia majani, na kichaka kilicho karibu na ardhi hewa yake ni ndogo. Naivasha mizabibu ipo, na mvinyo wa Leleshwa unatoka huko, kwa hiyo siyo jambo lisilowezekana. Lakini anza na miche michache utazame miaka mitatu minne kabla hujauza ng'ombe. Na kama nia ni kutengeneza na kuuza, sheria ya vileo ya 2010 inataka leseni.

Msafiri_Dodoma

Naongezea hapo, ndugu zangu wa Nairobi. Kwetu Dodoma zabibu zililetwa na wamisionari, Bihawana, miaka ya 1950, na tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu hiyo hiyo ya kutolala. Kiangazi chetu ni kirefu na kikavu, ukungu unapungua. Ile zabibu yetu nyekundu iitwayo Makutupora ina rangi nyingi sana. Nimesoma hapo kuhusu kuvuna mapema na kusukuma kidogo nikawaza: kwa zabibu yetu nani amejaribu hivyo? Sisi huambiwa rangi ndiyo sifa.

Kizibo_Nai

Dada au kaka wa Dodoma, umenigusa. Zabibu yenye rangi nyingi kwa asili ndiyo isiyohitaji kusukumwa kabisa. Ukipata mtu mwenye tangi dogo, hata lita 200, mwambie achukue safu moja aivune siku saba mapema, akamue siku ya tano, alinganishe. Nitakuja kuonja kwa basi, naahidi.

MpishiSouthB

Na mezani? Ile chupa ya Ijumaa pengine ilikosa chakula chake.

Kizibo_Nai

Chakula kilikuwa chenyewe, mpishi. Ilikosa baridi, na hilo ni kosa letu sisi wahudumu. Maneno "joto la chumba" yalitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, zenye nyuzi 16 au 18. Kaunta yetu mwezi Februari, karibu na jiko, inapita 25. Kwa joto hilo kileo kinatangulia puani na tunda linakufa. Mvinyo mwekundu mwepesi unataka nyuzi 13 hadi 15. Weka kwenye friji dakika 30 au 40, stima ikipotea tumia ndoo ya maji na barafu dakika 10.

Mbuzi choma unakubaliana nao vizuri sana. Nyama ina chumvi na moshi, kachumbari ina ndimu, na pilipili ndiyo inayoamua: pilipili na kileo kingi vinawashana, na tanini inazidi kuwa chungu. Ndiyo maana ile chupa nyeusi ya asilimia 15 ilibaki nusu. Jaribu pia na matumbo ya kukaanga yenye dania nyingi, au kuku kienyeji wa kuchemsha.

Ile iliyorudishwa niliinunua mwenyewe kwa bei ya wafanyakazi, nikaipeleka nyumbani Kangemi. Jumapili mama alikuwa amekuja kutoka Githunguri. Ilikuwa siku ya pili imefunguliwa, nimeitoa frijini. Mama hanywi sana, ila mũratina anaijua toka ujana wake. Akanusa muda mrefu, akaonja, akauliza wameweka nini ndani. Nikamwambia zabibu tu. Akanusa tena, akasogeza sahani ya mukimo, akaniambia nimwongezee kidogo.

Mwanakemia_Umoja

Nimeshawishika angalau kujaribu. Dukani nitaijuaje?

Kizibo_Nai

Tazama shingo ya chupa, muhuri wa Old Vine Project una mwaka wa kupandwa shamba. Mwaka huo ni wa shamba, si wa mavuno, usichanganye. Kisha soma kileo: kati ya 12 na 13 na nusu uko karibu. Jina liwe Cinsault, wengine huandika Cinsaut bila l, au zabibu nyingine nyekundu kama Grenache ya Piekenierskloof, au Tinta Barocca ya Swartland. Neno "bush vine" likiwa peke yake si hakikisho la umri, maana kichaka cha miaka mitano nacho ni kichaka. Mwulize muuzaji chupa imekaa wapi. Iliyosimama dirishani juani miezi sita iache hapo hapo.

Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili. Leo nimeshaweka chupa mbili frijini kabla hawajafika.